Asilimia 20 au 8? Maswali ya wasomaji kuhusu ripoti za madaktari kwenye madai ya ajali

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: mtu ameumia, anadai fidia, na madai yamekwama kwenye karatasi ya daktari. Wakili na daktari wa safu hii wamezijibu kwa pamoja. Barua ndefu tumezifupisha.

Swali: Naendesha bodaboda Mbagala Rangi Tatu. Nilivunjika mguu chini ya goti baada ya kugongwa na daladala, nikawekewa chuma. Ni mwezi wa tatu sasa. Kampuni ya bima ya daladala imenipigia simu niende Upanga kwa daktari wao "kufanyiwa tathmini huru". Washkaji kijiweni wanasema nikienda nimekwisha. Niende?
*Dereva, Mbagala*

Jibu: Nenda, ila si kesho, na usiende mikono mitupu.

Kwanza ujue unasimama wapi. Mkataba wa bima ni wa mwenye daladala na kampuni yake, na wewe humo hukutia saini. Kwa hiyo hakuna kifungu cha mkataba kinachokulazimisha kuonana na daktari wao. Lakini nao hawalazimiki kukulipa kwa hiari kabla mahakama haijaamua, na bila tathmini faili lako litalala mezani kwa afisa madai. Ukifika mahakamani, unayemshtaki ni dereva na mmiliki wa gari, na bima huja kulipa hukumu ikishatoka. Ingekuwa ni bima yako binafsi ya ajali, jibu lingekuwa tofauti: hati nyingi za namna hiyo zina kifungu cha kupimwa, na kukataa kunaweza kukupotezea malipo.

Neno "huru" hapa lina maana finyu. Linamaanisha daktari huyo hakukutibu wewe. Anayemlipa ni bima. Hilo halimfanyi mwongo, na tumeona ripoti za madaktari wa bima zilizomsaidia mdai kuliko ya daktari wake mwenyewe, kwa sababu wa bima alipima na wa kwake hakupima. Shida ni kwamba anajibu maswali aliyotumwa. Akiulizwa "je, mfupa wa mguu umeunga?" ataandika kuhusu mfupa, na goti lako lisilokunja halitaonekana popote. Kwa hiyo omba kwa maandishi, ujumbe wa WhatsApp unatosha, mambo mawili kabla hujaenda: nakala ya barua ya maswali aliyopewa daktari, na ahadi kwamba utapata nakala ya ripoti. Ukishapimwa, ukarimu wao hupungua.

Kuhusu siku: mfupa mkubwa wa muundi uliowekewa chuma huchukua kwa kawaida miezi minne hadi sita kuunga, na mingine huchelewa zaidi. Ukipimwa mwezi wa tatu, daktari ataona kuchechemea ambako huenda kutaisha, au atatabiri kupona ambako huenda kusitokee. Subiri daktari wako wa mifupa aandike kwamba hali imetulia, yaani haitarajiwi kubadilika sana hata tiba ikiendelea. Huku ukisubiri, chunga kalenda. Madai ya namna hii yana miaka 3 tangu siku ya ajali, na mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo. Na gari lingekuwa la serikali, ungetakiwa kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi.

Vya kubeba: picha zote za eksirei, yaani ya siku ya ajali, ya baada ya upasuaji na ya karibuni. Kama ziko kwenye CD, beba CD. Picha ya eksirei iliyopigwa kwa simu dirishani haifai, maana huwezi kupima juu yake kama mfupa umeunga ukiwa umepinda. Beba muhtasari wa kuruhusiwa wodini, kadi ya kliniki na dawa unazomeza. Halisi aone, nakala umwachie. Vaa bukta ndani. Na gongo la kutembelea unalotumia kweli ndilo uende nalo: kama nyumbani unatumia moja, usije na mawili.

Andika pia orodha fupi ya usiyoweza, kwa vipimo. "Naumwa sana" haimsaidii mtu. "Nikitembea dakika kumi kifundo kinavimba, siwezi kuchuchumaa chooni, siwezi kupiga kiki kwa mguu wa kulia, silali upande wa kulia" inampa daktari kitu cha kukagua.

Ndani ya chumba, kumbuka huyu si daktari wako. Hakutibu, na unachosema kinaingia kwenye ripoti. Ajali ieleze kwa sentensi mbili: lini, wapi, uligongwa upande gani, ulipoteza fahamu au la. Ukianza "kweli nami nilikuwa nimekimbiza kidogo", umeshajibu swali la nani mwenye kosa, ambalo si la daktari hata kidogo. Apime miguu yote miwili, mzima na mbovu. Na ndiyo, atakutazama tangu unashuka kwenye bajaji. Huo si mtego, ndivyo tathmini inavyofanywa. Aliyepanda ngazi mbilimbili kisha goti likagoma kukunja kitandani ataandikwa hivyo hivyo.

Nenda na ndugu. Ukitoka, siku hiyo hiyo andika saa uliyoingia, saa uliyotoka, na alichopima na asichopima. Tathmini ya dakika saba isiyogusa utepe wa kupimia inaweza kupingwa, lakini uwe na kumbukumbu yake. Na usitie saini hati yoyote ya kumaliza madai siku hiyo, hata kama hundi iko mezani. Ukiwekewa fomu ya kuruhusu waone mafaili yako ya matibabu, andika hospitali gani na kuanzia tarehe gani. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya ni nyeti, na ruhusa ya jumla jumla si lazima uitoe.

Swali: Siku ya ajali nilibebwa moja kwa moja hadi hospitali, sikupitia polisi. Sasa naambiwa bila PF3 sina kesi.
*Muuza samaki, Kigamboni*

Jibu: Una kesi. PF3 ni fomu ya polisi kumwomba daktari achunguze majeruhi, basi. Kuumia kwako kunathibitishwa na faili la hospitali la siku ile, eksirei, na maneno ya waliokuona. Nenda kituo cha polisi cha eneo la ajali ukaandikishe, chukua PF3 hata sasa, na daktari aliyekupokea aijaze kutokana na faili, akiweka wazi tarehe aliyokuona na tarehe anayoandika. Asirudishe tarehe nyuma. PF3 yenye tarehe ya kupikwa inazamisha hata yale yaliyokuwa kweli.

Swali: Ripoti ya mume wangu inasema: "Mgonjwa alipata ajali, alivunjika mkono wa kulia, ametibiwa, anaendelea vizuri." Wakili ameirudisha, anasema hiyo si ripoti. Mbona ina muhuri?
*Mama wawili, Tabata*

Jibu: Mama, muhuri unasema karatasi imetoka wapi. Hausemi mkono ukoje. Tusimlaumu sana daktari pia, kwani pengine aliombwa "ripoti" tu dirishani, akiwa na foleni ya watu sitini nje. Ripoti ya mahakamani huombwa kwa barua ya wakili yenye maswali yaliyoorodheshwa, hulipiwa kwa kumbukumbu namba ya malipo kama ni hospitali ya serikali, na humpa daktari muda wa kumwita mgonjwa na kumpima upya.

Ripoti inayosimama huanza na daktari ni nani: elimu yake, ubingwa wake, namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Inafuata orodha ya alichosoma, kwa tarehe: faili namba fulani, eksirei ya tarehe fulani. Halafu alichoambiwa na mgonjwa, kikitengwa na alichokiona mwenyewe. Hapo ndipo nyingi zinapoharibika, maana daktari anaandika "aligongwa na gari lililokuwa kwenye mwendo kasi" kana kwamba alikuwepo Mandela Road. Aandike "anaeleza kwamba".

Kisha vipimo, na hapa ndipo penye uzito wote. Tuchukue mkono uliovunjika karibu na kiganja. Kifundo kinakunjuka kwenda nyuma nyuzi ngapi? Kama wa kushoto ni 70 na wa kulia ni 30, hakimu ameona hasara bila kusomea udaktari. Kiganja kinageuka kuangalia juu kiasi gani, kama mtu anayepokea chenji? Nguvu ya kushika kwa kipima mshiko ni kilo ngapi, kulia na kushoto, mara tatu kila upande? Misuli ya mkono imesinyaa sentimita ngapi ukilinganisha na mwingine, na utepe uliwekwa wapi? Nguvu ya msuli hupewa daraja 0 hadi 5. Mguu hupimwa urefu kutoka ncha ya mfupa wa nyonga hadi kifundo cha ndani. Aliyegongwa kichwa atajwe kiwango chake cha fahamu alipofikishwa, kwenye kipimo cha 3 hadi 15: 13 na zaidi ni jeraha dogo, 8 kushuka chini ni kubwa. Neno "vizuri" halina nyuzi wala sentimita, na wakili wa upande wa pili analipenda sana. "Anaendelea vizuri" ndiyo sentensi atakayoisoma mara tatu kwa sauti.

Baada ya vipimo ndipo maoni, pamoja na sababu zake. Kesi ya madai huamuliwa kwa uwiano wa uwezekano, kwa hiyo "inawezekana maumivu yametokana na ajali" haitoshi, kwa kuwa kila kitu kinawezekana. Kama daktari anaamini hivyo, aandike kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa yametokana na ajali kuliko kuwa hayakutokana nayo, na aseme kwa nini: kabla hakuwa nayo, yalianza siku ile, na yako pale pale mfupa ulipovunjika.

Mwisho, mbele kuna nini. Vyuma vitatolewa? Kiungo kitaanza kusagika mapema? Mazoezi ya viungo mara ngapi kwa wiki, kwa miezi mingapi? Gharama ziandikwe na hospitali kwenye karatasi yake. Daktari asizikadirie kichwani. Hapo utusikilize vizuri, maana fedha nyingi hupotelea hapa: gharama zilizokwisha kutumika ni hasara mahsusi, na Mahakama ya Rufani ilishasema katika Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe (1992) kwamba hasara ya namna hiyo lazima itajwe wazi kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa ukamilifu. Maumivu na kupoteza raha ya maisha ni fidia ya jumla, hiyo hakimu hukadiria. Risiti ya dawa ya shilingi 12,000 haikadiriwi. Kama huna, huna. Hata bajaji za kwenda kliniki mwombe dereva akuandikie.

Kuhusu kazi, daktari asiandike "hawezi tena kazi". Kazi gani? Aandike mwili unachoshindwa: "asinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa mkono wa kulia, asipande ngazi za kujengea". Mume wako akiwa kuli wa Kariakoo, mwajiri au viongozi wa kijiwe watakuja kusema gunia lina kilo ngapi, na daraja kati ya mwili na kazi limeshaunganishwa.

Kabla hamjaondoka dirishani, someni. Kulia na kushoto hubadilishana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Jina lifanane na la kitambulisho cha NIDA. Umri usiwe 34 kwenye PF3 na 43 kwenye ripoti. Tarehe ya kupimwa iwepo, tofauti na tarehe ya kuandika. Aliyesaini awe ndiye aliyepima. Vifupisho vya wodini vifafanuliwe, na ile alama ya reli ambayo madaktari huitumia kumaanisha mfupa umevunjika iandikwe kwa maneno. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo ripoti ya Kiingereza iandamane na tafsiri au daktari awe tayari kuieleza. Halisi itunzwe. Nakala kivuli ina njia yake ndefu ya kupokelewa kama kielelezo.

Swali: Mashine ya kiwandani Chang'ombe ilinibana mguu. Daktari wa kwanza aliandika nimepata ulemavu wa asilimia 20, wa pili akaandika 8. Mtu wa utumishi anasema mmoja kahongwa. Nani mwongo?
*Fundi mitambo, Buguruni*

Jibu: Huenda hakuna. Uliza swali ambalo hakuna aliyewauliza: asilimia ya nini?

Mwongozo wa Chama cha Madaktari cha Marekani, ambao hutumika katika nchi nyingi, huhesabu mguu mzima kuwa sawa na asilimia 40 ya mwili mzima, na mkono mzima asilimia 60. Aliyeandika 20 akimaanisha mguu na aliyeandika 8 akimaanisha mwili wamesema kitu kile kile: 20 mara 0.4 ni 8. Kidole gumba ni mfano mzuri zaidi. Kukipoteza chote ni asilimia 40 ya kiganja, kiganja ni 90 ya mkono, kwa hiyo ni 36 ya mkono, na takriban 22 ya mwili. Namba tatu, kidole kimoja. Ripoti isiyotaja kipimo chake haijakamilika, hata ikiwa na saini tano.

Asilimia pia hazijumlishwi kama nyanya. Jeraha la 30 na la 20 hayafanyi 50, kwa sababu la pili hukatwa kwenye kilichobaki: 20 ya 70 ni 14, jumla 44. Wengi hudhani wameibiwa sita.

Na namba ya mwili si namba ya riziki. Kidole kidogo cha kushoto ni hasara ndogo kwa dereva, ni kubwa kwa mpiga gitaa. Daktari hupima mwili. Athari kwa kazi huthibitishwa kwa ushahidi mwingine.

Wewe uliumia kazini, kwa hiyo njia yako ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na huko sheria ina jedwali na taratibu zake. Mstari wa kuangalia ni asilimia 30: ulemavu wa kudumu usiozidi hapo hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hulipwa kwa mwezi. Ndiyo maana 29 na 31 hugombewa kwa nguvu kuliko 8 na 10. Hakikisha mwajiri ametoa taarifa ya ajali kwa Mfuko, na usiiache ipite miezi 12. Usiporidhika na tathmini, omba mapitio kwa maandishi kwa Mkurugenzi Mkuu, ukiambatanisha ripoti yenye vipimo. Barua ya malalamiko peke yake haisogezi namba. Ukiitwa kupimwa na Mfuko, nenda. Huku kukataa hakuna faida yoyote.

Swali: Ni fundi ujenzi, miaka 46. Basi lilitugonga kwa nyuma pale Kimara, tangu siku hiyo mgongo na mguu wa kushoto vinawaka moto. Picha ya MRI inasema "pingili zimechakaa". Daktari wa bima kaandika ni umri, si ajali. Niliwahi kuumwa mgongo kidogo miaka ya nyuma, wakili sijamwambia.
*Fundi, Kimara*

Jibu: Mwambie leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye madai anayekuumbua ni kadi ya zahanati ya mwaka 2017 itakayotolewa siku ya maswali ya dodoso, yaani wakili wa upande wa pili atakapokuhoji. Tatizo la zamani lililosemwa mapema ni jambo la kujadili. Likifichwa, hata mguu unaowaka kweli hautaaminiwa.

Daktari wa bima ana nusu ya hoja. Pingili zilizochakaa huonekana kwa watu wengi wasioumwa chochote. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuta uchakavu wa diski, yaani mito iliyo kati ya pingili, kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu, na asilimia 96 ya wa miaka 80. Kwa hiyo picha yako peke yake haithibitishi ajali. Lakini kisu hicho kinakata pande mbili: kama uchakavu huo hukaa kimya kwa mamilioni ya watu, basi wenyewe peke yake hauelezi kwa nini wewe ulianza kuumwa siku ile ile ya basi.

Kinachoamua ni mpangilio wa wakati na dalili. Kabla ya ajali ulikuwa unabeba mifuko ya saruji? Ulikwenda hospitali lini mara ya mwisho kwa mgongo? Moto wa mguuni unapita njia ya mshipa gani wa fahamu, na je, unalingana na diski inayoonekana kubana kwenye picha? Kidole gumba cha mguu kimepungua nguvu ya kuinuka? Mguu ukiinuliwa ukiwa umenyooka, maumivu yanaanza nyuzi ngapi? Mwombe daktari bingwa wako ajibu hayo, kisha atenge: kiasi gani kilikuwepo, kiasi gani kimeongezwa. Kisheria, mkosaji humchukua majeruhi kama alivyomkuta. Katika kesi ya Uingereza ya Smith dhidi ya Leech Brain (1962), mfanyakazi aliungua mdomo, jeraha likageuka saratani kwa sababu tishu zake zilishaelekea huko, na mwajiri aliwajibika. Udhaifu wako wa zamani hauwafutii wajibu. Ila hawalipi yale maumivu uliyokuwa nayo tayari.

Angalizo moja. Ukisoma kwenye ripoti ya bima kwamba una "dalili za Waddell", usikubali itafsiriwe kuwa unaigiza. Dalili hizo tano, ambazo daktari huziangalia akikupima mgongo, zilielezwa mwaka 1980 ili kutambua wagonjwa wa mgongo wanaohitaji kuangaliwa zaidi ya mwili tu, hofu na msongo vikiwemo. Hazikutengenezwa kukamata waongo, na daktari anayezitumia hivyo aulizwe hilo kizimbani.

Swali: Daktari aliyenipasua amehamia Mtwara. Kesi iko Kisutu. Inakufa?
*Msomaji, Tegeta*

Jibu: Haifi. Wakili amtaje mapema kwenye orodha ya mashahidi, aombe samansi, yaani wito wa mahakama, na aombe atoe ushahidi kwa njia ya mtandao, utaratibu ambao kanuni za mwaka 2021 zinauruhusu. Daktari mwingine wa kitengo kile anaweza kuleta faili na kueleza kilichoandikwa, lakini hawezi kusema alichoona mwenzake kwa macho. Kama kesi inategemea alichokiona mezani pa upasuaji, mtafute yeye.

Swali: Mdogo wangu aligongwa na gari huko Marekani. Upande wa pili unataka mahakama imlazimishe apimwe na daktari wao. Inawezekana kweli?
*Dada mkubwa, Mikocheni*

Jibu: Inawezekana. Katika mahakama za shirikisho za kule ni Kanuni ya 35 ya mwenendo wa madai, na majimbo yana za kwao zinazofanana. Lakini si kwa kuomba tu: hali ya mwili iwe ndiyo inayobishaniwa, kuwe na sababu nzuri, na amri itaje muda, mahali, namna, mipaka ya uchunguzi na nani atapima. Ana haki ya kuomba ripoti, ila akiiomba, naye hufungua ripoti za madaktari wake kuhusu hali hiyo hiyo, kwa hiyo aamue na wakili. Daktari aliyeajiriwa kutoa ushahidi wa kitaalamu hutakiwa pia kuorodhesha kesi alizotoa ushahidi kwa miaka minne iliyopita na malipo yake. Orodha yenye upande mmoja tu mwanzo hadi mwisho inasomeka yenyewe.

Swali: Mimi ni daktari, mwaka wa pili kazini, hospitali ya wilaya. Nimeletewa samansi kuhusu PF3 niliyojaza mwaka juzi, kesi ya kujeruhi. Mgonjwa simkumbuki hata sura.
*Dokta, Temeke*

Jibu: Dokta, kutomkumbuka si aibu, umeona wagonjwa maelfu tangu hapo. Sheria inakuruhusu kujikumbusha kwa maandishi uliyoyafanya wakati ule. Nenda masijala kabla ya siku ya kesi, toa faili zima, linganisha na PF3. Vikitofautiana, mwambie mwendesha mashtaka sasa, usisubiri wakili wa utetezi akuoneshe.

Kizimbani, baada ya kiapo, utaulizwa elimu na uzoefu wako. Jibu kwa kadiri ya ukweli, mwaka mmoja na nusu ni mwaka mmoja na nusu. Utaoneshwa fomu, utaitambua kwa mwandiko, saini na muhuri, kisha utaomba ipokelewe. Usianze kuisoma hapo. Kesi ya Robinson Mwanjisi na wenzake (2003) iliweka mpangilio: kwanza kielelezo kikubaliwe, ndipo kisomwe. Na kikishapokelewa lazima kisomwe kwa sauti mshtakiwa asikie. PF3 nyingi zimefutwa kwenye rufaa si kwa sababu daktari alikosea, bali kwa sababu hakuna aliyezisoma. Hakimu akisahau, uliza kwa heshima: "Mheshimiwa, niisome?" Na eleza yote kwa mdomo pia, ili fomu ikiondolewa maneno yako yabaki.

Sema kwa lugha ya nyumbani. "Mfupa wa paji la uso ulikuwa na ufa wa sentimita nne." Sema jeraha linalingana na kitu butu. Usiseme ni nyundo ile iliyo mezani, kama hukupima chochote dhidi yake. Usiseme nani alipiga. Ukiulizwa michubuko ilikuwa ya siku ngapi kwa rangi yake, kataa kuwa sahihi kuliko sayansi: rangi ya mchubuko haitoi tarehe ya kuaminika. Swali la ubingwa wa ubongo, sema si fani yako. Wakili akikuonesha jambo la kweli linalokwenda kinyume nawe, likubali hapo hapo. Kubishia lililo wazi kunaondoa uzito wa yale tisa uliyosema sawasawa. Maoni yako hayamfungi hakimu, kwani kesi ya Hilda Abel (1993) ilisema mahakama inaweza kutoyafuata ikiwa na sababu nzuri. Kazi yako ni kumwachia sababu chache kadiri inavyowezekana, na sababu hizo huzibwa na vipimo.

Ukimaliza, rudisha faili masijala siku hiyo hiyo likiwa na nakala ya samansi ndani. Kesi ikiamriwa ianze upya na wewe ukawa umehamishwa, atakayeitwa badala yako ataanzia hapo.